Siku Niliyomsingizia Mbwa wa Ntate Tumelo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku la mavi makavu, kibano na rula, nikaambiwa nitenganishe ya bweha na ya mbwa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Singida, nilikuwa nimelinda duka la viatu Doornfontein kwa miaka miwili, na mke wangu alikwisha kuwaambia majirani wote wa ghorofa yetu kwamba mumewe sasa ni mtu wa ofisi, Braamfontein, katikati ya Johannesburg. Ofisi ilikuwepo kweli, tena yenye lifti. Ila ndani yake nilikuta meza ndefu, harufu ya dawa inayochoma pua, na mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akichemsha kichwa cha mbwa kwenye sufuria ili apate fuvu.

Mzee huyo alikuwa Papa Mulongo, fundi wa maabara. Alinitazama kuanzia kwenye tai hadi kwenye viatu.

"Weye njo Mtanzania?"

"Ndiyo, mzee."

"Bon. Vua ile kamba ya shingo, itaingia mu supu."

Nikaivua. Sikuivaa tena kazini hadi siku ya kustaafu.

Kazi ya kitengo chetu ilikuwa kujibu swali moja. Mfugaji wa milimani akiamka na kukuta kondoo wake ameuawa, alitupigia simu kutaka kujua nani kaua. Watu hudhani hilo ni jambo dogo. Akiwa bweha, mfugaji atarekebisha uzio na kulala akinung'unika. Akiwa simbamangu, yule paka mkubwa mwenye masikio ya manyoya, ataweka mtego. Lakini akiwa mbwa, mambo hubadilika, kwa sababu mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Desturi ya nchi ile ya kondoo ni kwamba mbwa aliyeonja damu ya zizi hupigwa risasi, na mchungaji mwenye mbwa huyo hapati tena wa kumwamini.

Bweha wa huku ni yule wa mgongo mweusi, anayeonekana kama aliyejitanda blanketi lenye mvi. Ukimwona mwenyewe huwezi kumchanganya na mbwa. Shida ni kwamba humwoni. Unaona alichoacha. Papa Mulongo alinifundisha mavi kwanza, kwa kuwa alisema ndiyo hayana aibu. Ya bweha yana ncha, na ndani yake utakuta manyoya, maganda ya mende na mbegu za matunda. Ya mbwa utakuta ugali.

"Ukiona bukari mule ndani," alisema, na bukari ndiyo ugali kwao, kama nyama ilivyo mnyama, "ule nyama iko na mama mwenye kumupikia."

Kisha nyayo. Unyayo wa bweha ni mwembamba, vidole viwili vya kati vimetangulia mbele kama watu wenye haraka. Ukilaza kijiti nyuma ya vidole hivyo viwili na mbele ya vile vya pembeni, kijiti kinapita bila kukanyaga kidole. Kwenye unyayo wa mbwa, vidole vimesongamana na kijiti hakipati njia. Halafu kuna mwendo. Bweha hupita mstari mmoja, kama mtu anayewahi kazini. Mbwa hupita kama mtu aliye likizoni. Anaenda, anarudi, ananusa jiwe, anasahau alikokuwa akienda.

Juu ya yote hayo ilikuwapo sheria ya Mkuu wa Kitengo. Alikuwa mama mfupi, mwenye koti la mvua alilovaa hata jua likiwaka, nasi tulimwita Daktari. Sheria yake ilikuwa: chuna kwanza, sema baadaye. Jeraha la nje, alituambia, huweza kutiwa na kunguru, tai au hata mikono ya watu. Ukimchuna mzoga na kugeuza ngozi ndani nje, utaona ukweli, kwa sababu damu huvilia pale tu mnyama alipong'atwa akiwa bado hai. Bweha huuma koo, matundu mawili mawili, safi, kisha hufungua ubavu na kula ini. Mbwa huuma ovyo: mapaja, mkia, masikio, popote meno yanapofika, na mara nyingi hata hali.

"Bwana Saidi," aliniuliza siku moja mbele ya wenzangu, "ukifika shambani na mwenye shamba ana hakika ni mbwa, utafanya nini?"

"Nitachuna, Daktari."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitachuna."

"Na chakula kikiwa mezani?"

Tulicheka wote. Nilijibu kwamba nitachuna.

Nilikaa maabara miaka mitatu. Nikapandishwa kuwa Msaidizi wa Uwandani, nikapelekwa kwenye tambarare za mahindi, nchi ya vumbi zuri na matope mazuri. Mtu asiyeweza kusoma unyayo kwenye matope yale aende akauze viazi. Niliusoma. Wafugaji wakaanza kuniita kwa jina, wakataka nije mimi na si mwingine. Mmoja alifikia kuniambia kwamba nikitazama mchanga nautazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Maneno hayo yalinikaa kichwani kuliko yalivyostahili. Nilipopewa cheo cha Mkaguzi wa Nyanda za Juu, kule kwenye milima mirefu inayopakana na Lesotho, nilikuwa tayari ninatoa jibu kabla ya kushuka kwenye gari, na mara nyingi, kwa bahati mbaya, lilikuwa jibu sahihi.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka wangu wa kwanza kule juu. Theluji ilianguka usiku, na asubuhi mwenye shamba mmoja akapiga simu. Nilimwita Meneer, yaani Bwana, kama wafanyakazi wake walivyomwita. Kondoo jike mwenye mimba ameuawa chini ya mwamba, nyuma ya zizi. Niliendesha bakki, gari letu dogo la mizigo, taratibu, kwa kuwa barabara ilikuwa kama sabuni, nikafika karibu na adhuhuri. Jua lilikuwa linawaka na anga ilikuwa ya buluu isiyo na doa. Nilifurahi. Nilijiambia: theluji! Ukurasa mweupe! Ni nani awezaye kukosea hapa?

Mzoga ulikuwa umelala ubavu, shingo imegandia chini, paja la juu limeraruliwa. Kuuzunguka zilikuwapo nyayo. Nilichutama nikapima. Zilikuwa kubwa, pana kuliko unyayo wa bweha yeyote niliyewahi kumpima, vidole vimevimba na kugusana. Niliweka kijiti. Hakikupita.

Mchungaji alikuwa amesimama kando, amejifunga blanketi lake, fimbo mkononi. Huyu alikuwa Ntate Tumelo, Msotho wa rika langu, mchungaji wa shamba lile tangu ujana wake. Ntate ni baba, na ndivyo watu wazima wanavyoitana kule. Miguuni pake aliketi mbwa mkubwa wa rangi ya majani makavu, jina lake Tau, yaani simba. Simba huyo alikuwa anatetemeka kwa baridi na kunilamba kiatu.

"Kuna mbwa mwingine mkubwa hapa?" niliuliza.

"Hakuna," alisema Meneer. "Ni huyu tu."

Lazima niandike hili waziwazi. Niliona kwamba nyayo zile zilikwenda mstari mmoja, kutoka mwambani hadi kwenye mzoga na kurudi, bila kunusa jiwe. Niliona. Nikajibu moyoni kwamba hata mbwa akiwa na njaa huenda moja kwa moja. Kisha mke wa Meneer akaita kutoka barazani kwamba chakula kinapoa, nami sikuwa nikivihisi tena vidole vyangu.

"Ni mbwa," nikasema.

Wachungaji wengine wawili walikuwa pale. Wakamtazama mwenzao, kisha wakatazama chini.

Ntate Tumelo hakupaza sauti. Tulizungumza kwa Kisotho changu kibovu kilichochanganyika na Kizulu. "Ntate, umemchuna?"

"Hakuna haja. Nyayo zinatosha."

"Tau alilala mlangoni kwangu. Theluji ilimfunika. Niliamka nikampangusa kwa mkono."

"Mbwa wote hulala mlangoni mpaka mwenyewe asinzie," nikasema, na Meneer akacheka.

Nilikuwa nimetoa mzaha. Mpaka leo ule mzaha unaniuma kuliko kosa lenyewe. Nilijaza fomu kwa wino, nakala tatu: mbwa. Meneer akasema bunduki ingetoka asubuhi ya kesho, kwa heshima ya mchungaji wake, ili apate kumuaga mbwa. Tukaingia ndani tukala viazi, nyama na mchuzi.

Saa kumi hivi nilitoka kwenda kwenye gari. Njia ilikuwa ile ile niliyopita adhuhuri, na nilipotupa macho chini nikaona mtu amepita baada yangu, mtu mwenye mguu wa ajabu. Kiatu chake kilikuwa kipana mara moja na nusu ya changu. Nikashangaa ni nani shambani mwenye mguu wa namna ile. Nikauweka mguu wangu ndani ya alama ile, nikaona kwamba nyota ya soli, ile iliyochongeka kisiginoni, ilikuwa nyota ya kiatu changu.

Jua lilikuwa limeupanua. Theluji hubomoka kingo inapoyeyuka, na kila saa unyayo unakua. Wachungaji wote wa milima ile wanalijua jambo hili. Mimi, mwana wa Singida, fundi wa vumbi na matope, sikuwahi kulifikiria. Bweha aliyepita alfajiri alikuwa amevikwa viatu vya mbwa na jua la saa sita.

Nilimwita Meneer, nikachukua kisu na shoka dogo, tukaung'oa mzoga ulikogandia. Nilimchuna mbele yake. Paja halikuwa na damu iliyovilia hata tone. Walioliraruа walikuwa kunguru, kondoo akiwa maiti. Ubavu wa chini ulikuwa umefunguliwa, na ini halikuwepo. Kooni, upande uliokuwa umegandia chini, palikuwa na matundu mawili, na mengine mawili, madogo, safi, na weusi wa damu kuyazunguka.

Meneer aliyagusa matundu kwa kidole. "Eish," alisema. "Twende tukamwambie."

Chumba cha Ntate Tumelo kilikuwa wazi. Jiko lilikuwa bado vuguvugu. Blanketi hakuna, sufuria hakuna, fimbo hakuna. Nyuma ya nyumba nyayo za mtu na mbwa, safari hii mbwa kweli, zilipanda kuelekea pengo kati ya milima, kwenda Lesotho. Alikuwa ameacha kazi ya maisha yake ili mbwa asipigwe risasi kwa maneno yangu. Meneer alimpigia simu mara nyingi. Ilikuwa imezimwa.

Niliporudi Braamfontein nilikwenda ofisini kwa Daktari na kumweleza yote, pamoja na viazi. Hakunifokea. Aliuliza, "Waliokusikia ukisema ni wangapi?"

"Wanne, Daktari."

"Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Leo ni wangapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Wale wachungaji wawili walikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka, na habari ilifika kabla ya mwenye nayo. Meneer akatuletea taarifa: Ntate Tumelo alikuwa amefika kijijini kwao salama, lakini wanakijiji hawakutaka Tau akaribie malishoni. Mkaguzi wa Johannesburg amesema ni mwuaji, tena kwa maandishi. Na huko, mtu asiyeruhusiwa kuingia malishoni na mbwa wake hapati kondoo wa watu wa kuchunga. Mkuu wa kijiji alikuwa amempa siku chache aamue: mbwa auawe, au mwenyewe akae bila kazi.

"Ulilisema mbele ya watu," alisema Daktari. "Nenda ukalifute mbele ya watu."

Nilipokuwa nafunga begi, Papa Mulongo aliniletea kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa ngozi ya shingo ya yule kondoo, niliyokuwa nimerudi nayo maabara, ameikausha kwa chumvi.

"Peleka shingo, Tanzania. Maneno yako haina tena kilo."

Meneer aliomba kwenda nami. Tulivuka mpaka kwa bakki yake, na kwa saa zote zile hatukuzungumza zaidi ya hali ya barabara. Kijijini walikuwa wamekusanyika kwenye khotla, baraza lao la wazi mbele ya nyumba ya mkuu, watu wengi kuliko nilivyotegemea, wote na mablanketi yao. Ntate Tumelo aliketi pembeni. Tau alikuwa amefungwa kamba, jambo ambalo nadhani halikuwahi kumpata maishani. Aliponiona, akatikisa mkia.

Nilisimama nikasema, "Mimi ndiye niliyesema Tau ameua kondoo. Nilikosea. Aliyeua ni bweha."

Bibi mmoja mwenye kiko aliniuliza, "Wakati ule ulijuaje?"

"Nilipima nyayo, mama."

"Na sasa?"

"Nimemchuna."

"Basi wakati ule ulikuwa unafanya nini, badala ya kuchuna?"

Nilifikiria kusema baridi. "Nilikuwa nakula viazi, mama."

Walicheka mpaka mkuu wa kijiji akainua mkono. Yeye hakuwa amecheka. "Mtu huyu amesema mara mbili," aliwaambia watu. "Mara ya kwanza alidanganywa na theluji. Tutajuaje kwamba mara ya pili hakudanganywa na huruma?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Nilifungua gazeti, nikaitandaza ile ngozi. Nikaeleza kwamba matundu yale mawili ni ya meno mawili marefu ya juu, na kwamba umbali kati yake haupanuki kwa jua, kwa vile yamechimbwa kwenye nyama na si kwenye theluji. Bibi mwenye kiko hakusubiri nimalize. Alivunja kijiti, akakipima kutoka tundu hadi tundu, akakikata kwa meno yake mwenyewe, kisha akaichukua ngozi na kumwendea Tau.

"Fungua mdomo, mshitakiwa."

Tau alifungua, kwa kuwa alidhani analetewa kitu. Bibi akaingiza kijiti kati ya meno yale mawili marefu. Kikacheza humo kama mtoto kwenye kitanda cha mkubwa, hakigusi upande huu wala huu. Akakirudisha kwenye ngozi: kinalingana. Akarudi mdomoni: kinapwaya. Alifanya hivyo mara tatu, kila mara akigeuka ili watu wote waone, na mara ya tatu Tau akaunyaka ushahidi wetu, ngozi na chumvi yake, akaanza kuutafuna.

"Mnyang'anyeni!" nikapiga kelele.

"Mwache," alisema mkuu wa kijiji, na sasa alikuwa anacheka. "Tumeshaona. Mfungueni kamba."

Siku ile ile watu wawili walimkabidhi Ntate Tumelo kondoo zao. Mimi nilimwendea nikampa mkono kwa mikono yote miwili, nikaomba radhi. Akanielekeza kwa kidevu. "Na yeye." Basi nikachutama mbele ya kijiji kizima, mtu mzima, Mkaguzi wa Nyanda za Juu, nikamwomba radhi mbwa.

Meneer alimwomba arudi shambani, chumba chake kipo, kazi yake ipo. Ntate Tumelo alimsikiliza kwa adabu, akamjulia hali mke wake na kondoo mmoja mmoja kwa majina.

"Nilikuambia Tau alilala mlangoni," akasema. "Umenijua miaka yote. Huyu mkaguzi ulimjua kwa saa moja."

Hakurudi. Meneer alilia njiani, na aliyeingia katikati ya watu wale wawili ni mimi. Mbwa alipona, jina likasafishwa, lakini mlima ule ambao Ntate Tumelo aliujua kila jiwe alibaki kuutazama kutoka upande mwingine. Hilo sikuweza kulifuta, na siwezi.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya pale, na vijana walionifuata waliona mkaguzi mpole, anayechuna kwenye mvua. Siku hizi kazi imebadilika. Wanapangusa jeraha kwa pamba, wanapeleka mate maabara, na mashine inawaambia ni nani aliyeuma. Ninawaonea wivu, mate hayavimbi kwa jua. Lakini mashine hujibu baada ya wiki kadhaa, na mwenye shamba anataka jibu leo, mbele ya mchungaji aliyesimama na mbwa wake. Hapo hakuna pamba. Kama mchungaji anasema mbwa wake alilala mlangoni, iandikeni na hiyo kwenye fomu. Mimi fomu yangu haikuwa na nafasi ya maneno yake, nami sikuitafuta pembeni.

Sasa ninaishi Kensington, hapa hapa Johannesburg, karibu na maduka, na wanangu waliozaliwa hapa husikia Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza. Kila majira ya baridi mimi na mke wangu hupanda kwenda Lesotho. Tau alikufa kwa uzee na wajukuu zake wanachunga. Ntate Tumelo hutuandalia chakula, na kila anapoingia mtu asiyenifahamu, hunitambulisha kwa namna ile ile.

"Huyu ni Ntate Saidi. Ndiye aliyemsingizia Tau."

Mwaka huu aliingia mgeni kutoka kijiji cha mbali, mwenye kondoo zake. Aliposikia hivyo akanitazama, akasogeza kigoda chake kidogo mbali na changu. Ntate Tumelo alicheka hadi akakohoa. Nikainuka, nikampa yule mgeni mkono, nikamwambia ndiyo, ni mimi.